Kutoka “Mtawa” hadi “Ninja”: Maana ya Maneno na Hadhi ya Mwanamke Mwislamu wa Pwani

Kitenzi kutawa, katika matumizi ya zamani ya mwambao, kilimaanisha kukaa ndani na kujisitiri na macho ya watu. Mwanamke Mwislamu aliyefanya hivyo aliitwa mtawa, na jina hilo lilikuwa la heshima. Heshima yenyewe ilikuwa ya kitabaka: mwanamke wa shamba, kama walivyo wengi wa Makurunge na vijiji vingine vya Bagamoyo, hakuweza kutawa, kwani jembe na kisima vilimtoa nje. Yeye alijisitiri kwa ushungi wa kanga.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Haidaiwi hapa kwamba neno lilihama maana mjini humo. Lakini Ukristo ulipohitaji jina la mwanamke aliyeweka nadhiri, Kiswahili cha Waislamu kilikuwa nalo tayari. Leo, kwa wasemaji wengi, mtawa ni sista.

Uhamisho huo si kosa. La kuangaliwa ni jina alilopewa yule aliyeachwa nyuma. Mwanamke Mwislamu anayefunika uso huitwa “ninja”, neno lililoenezwa na filamu za mapigano. Kisemantiki, mtawa hubeba sifa ya ucha Mungu. Ninja hubeba sifa za kujificha na kudhuru. Wote wawili wamejisitiri, ila mmoja hupishwa njia na mwingine hutiliwa shaka.

Itajibiwa kwamba huo ni utani, na kwamba hata Waislamu hulitumia neno hilo. Ni kweli. Hata hivyo utani wa Pwani, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, una kanuni: anayetaniwa ana haki ya kurudisha. Mwanamke anayeitwa ninja na mpita njia kituoni hana mtani wa kumrudishia. Huo ni usimangaji.

Hata ushungi usiofunika uso haukusalimika. Mfano uliofika mahakamani unatoka Isiolo, Kenya, ambako wasichana wa shule ya sekondari iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti walitaka kuvaa hijabu pamoja na sare. Shauri lilifunguliwa mwaka 2014. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka 2015, Mahakama ya Rufaa ikawakubalia mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, hasa kwa sababu ya utaratibu: ombi la hijabu halikuwa limewasilishwa ipasavyo. Kanisa lilitetea usawa wa wanafunzi, na hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Lakini kanuni ya sare huanza na dhana ya msichana wa kawaida, na katika kanuni ile msichana huyo alikuwa kichwa wazi. Mwenye ushungi akawa ndiye mwombaji wa upendeleo. Aliyekuwa kidato cha kwanza shauri lilipofunguliwa alikuwa na miaka minne tu ya masomo ya sekondari. Hukumu ya mwisho ilimkuta ameshatoka shuleni.