Keira Knightley na Sanaa ya Kuficha

Mjadala kuhusu kipaji cha Keira Knightley, mwigizaji wa filamu aliyezaliwa Teddington, kusini-magharibi mwa London, mwaka 1985, umedumu kwa zaidi ya miaka 20 bila dalili ya kwisha, na sababu mojawapo ni kwamba pande zinazobishana hazizungumzii jambo moja. Wanaomkosoa hudai kwamba uso wake hauna utulivu, kwamba taya yake hutangulia mbele kila anapokasirika, na kwamba amejikinga kwa miaka mingi ndani ya filamu za mavazi ya kale, yaani zile zinazosimulia maisha ya karne zilizopita na kuwavika wahusika nguo za zama hizo. Wanaomtetea nao huhesabu tuzo alizoteuliwa kuwania pamoja na mamilioni ya dola yaliyoingizwa na mfululizo wa Pirates of the Caribbean, hoja ambayo haina uzito mkubwa, kwa kuwa watazamaji wengi wa mfululizo huo walikwenda kumwona nyota wake, Johnny Depp, na meli za maharamia.

Shutuma nzito kuliko zote ilitoka kwa mtu aliyefanya naye kazi. Mwaka 2016 John Carney, mwongozaji wa Begin Again, filamu ambamo Knightley aliigiza mtunzi wa nyimbo aliyeachwa na mpenzi wake jijini New York, alieleza hadharani kwamba mwigizaji huyo huificha nafsi yake, na kwamba mtu anayejificha hawezi kuwa mwigizaji wa kweli. Siku chache baadaye aliomba radhi, na radhi hiyo ilikuwa ya haki, lakini kauli yenyewe inastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko ilivyochunguzwa wakati ule, kwa sababu inagusa imani iliyoenea sana katika sinema ya leo, kwamba kuigiza ni kujianika mbele ya kamera. Imani hiyo ikichukuliwa kuwa kipimo pekee, Knightley anashindwa mtihani. Hata hivyo, orodha ya kazi zake inaonyesha kwamba kuficha ndiko kulikokuwa maudhui ya nyingi kati ya zile zilizofaulu.

Uhusika wake wa kwanza kujulikana duniani, katika Star Wars: Episode I mwaka 1999, ulikuwa wa mjakazi Sabé, aliyepakwa rangi nyeupe usoni na kuvishwa mavazi ya malkia ili maadui wadanganyike, na kufanana kwake na Natalie Portman, aliyeigiza malkia mwenyewe, kulikuwa kukubwa kiasi cha kuwachanganya watazamaji. Miaka mitatu baadaye ilikuja Bend It Like Beckham, ambamo yeye na Parminder Nagra ni wasichana wawili wanaocheza soka, mmoja wao kwa siri. Mwongozaji wake, Gurinder Chadha, alizaliwa Nairobi, na baba wa familia katika hadithi hiyo anabeba uchungu wa mtu aliyekuwa mchezaji hodari wa kriketi mjini humo kisha akafungiwa mlango na klabu za Uingereza. Pengine ndiyo maana filamu hiyo ina ukweli ambao vichekesho vingi vya aina yake havina.

Mwaka 2005 unafaa kutazamwa kwa urefu, kwa kuwa ndani yake ushahidi wa pande zote mbili umo. Katika Domino, iliyoongozwa na Tony Scott, Knightley alitakiwa kuwa mwanamke mkali anayewasaka watoro wa mahakama kwa ujira, asiye na siri wala aibu, na matokeo yake ni kelele nyingi zisizo na mtu ndani yake. Mwaka huohuo alimwigiza Elizabeth Bennet katika Pride & Prejudice, filamu iliyotokana na riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813. Mwongozaji Joe Wright alikuwa amemwona kuwa mzuri mno wa sura kwa nafasi hiyo, akabadili mawazo alipokutana naye na kumkuta ana ukali na tabia za kivulana. Elizabeth ni msichana ambaye adabu za zama zake zinamzuia kusema alilonalo moyoni, hivyo analisema kwa mzaha, kwa kicheko kinachokatika ghafla, na kwa macho yanayokwepa. Misukosuko ileile ya uso inayolaumiwa kwingineko hapa inakuwa lugha, kwa sababu mhusika ana kitu cha kuzuia. Wamarekani walimteua kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike akiwa na umri wa miaka 20, huku taasisi ya filamu ya nchi yake mwenyewe, BAFTA, ikimwacha nje ya orodha.

Katika Atonement, iliyotolewa mwaka 2007 na kuongozwa na Wright huyohuyo, ufundi huo ulipevuka, ingawa Oscar ilimkumbuka mtoto Saoirse Ronan na kumsahau yeye. Vilevile katika The Imitation Game ya mwaka 2014, iliyompa uteuzi wa pili wa Oscar, safari hii kama mwigizaji msaidizi, alimwigiza Joan Clarke, mwanahisabati aliyevunja misimbo ya Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia katika kituo cha siri cha Bletchley Park, katika kazi ambayo sheria ilimkataza kuitaja. Colette, ya mwaka 2018, inamhusu mwandishi wa Kifaransa ambaye vitabu vyake vya mwanzo vilichapishwa kwa jina la mumewe. Na katika Black Doves, mfululizo wa televisheni wa mwaka 2024, yeye ni mke wa waziri wa ulinzi wa Uingereza ambaye kwa miaka kumi amekuwa akiuza siri za mumewe.

Kuna filamu moja inayokataa kuingia katika mpangilio huu. A Dangerous Method ya mwaka 2011, kazi ya mwongozaji David Cronenberg, ilimpa nafasi ya Sabina Spielrein, aliyekuwa mgonjwa wa daktari wa akili Carl Jung na baadaye akawa mwanasaikolojia yeye mwenyewe. Katika dakika za mwanzo Knightley anaisukuma taya yake nje, anajikunja, na maneno yanamtoka kwa kupasuka, kana kwamba amechukua ila aliyosemwa nayo kwa miaka mingi na kuikuza makusudi. Baadhi ya wahakiki waliona ujasiri, wengine wakaona kupindukia. Kwa hakika matukio hayo yamezidi kipimo kwa kamera iliyokaa karibu hivyo na uso. Lakini mwigizaji anayetafuta usalama hakubali kazi ya namna hiyo, na shutuma ya woga haina pa kushika.

Kuhusu filamu za mavazi ya kale, Knightley amewahi kueleza kwamba miswada ya filamu za kisasa iliyomfikia ilikuwa na wanawake wengi wanaobakwa au kunyanyaswa, ilhali zile za kihistoria zilimpa wanawake wenye akili na utashi. Wala hakubaki ndani ya filamu hizo pekee: hakupitia chuo cha uigizaji, na alipokwenda kwenye jukwaa la London mwaka 2009 katika tamthilia ya The Misanthrope, wengi walingoja aanguke. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Olivier, ya michezo ya jukwaani. Siku hizi sababu za uchaguzi wake ni za kawaida zaidi. Ana watoto wawili wa kike, na filamu kubwa za mfululizo hazimpi mwigizaji usemi juu ya mahali wala muda wa kazi, kwa hiyo huelekea kwenye kazi kama Black Doves, iliyopigwa London, alikozaliwa na anakoishi.