Ati tujenge mtambo wa umeme wa maji Ganze? Piga hesabu hizi kwanza

Tuseme chama chenu kimeweka akiba miaka mitatu. Siku moja mnaitwa kikao Ganze, na mgeni mmoja aliyevaa shati safi anafungua kompyuta na kuwaonyesha picha: bwawa dogo, bomba refu, kijumba cha mitambo. Mto upo, anasema. Kenya Power watanunua umeme. Maji ni ya bure, si kama dizeli. Nyinyi kazi yenu ni kununua hisa tu.

Wewe ungetoa pesa?

Usikimbilie kusema ni utapeli. Mitambo midogo ya umeme wa maji ni biashara halisi hapa Kenya, tena ya zamani. Mtambo wa Wanjii kule Murang'a, wa megawati 7.4, ulianza kazi mwaka wa 1952, na hadi leo uko kwenye orodha ya mitambo ya KenGen. Linganisha na paneli ya sola, ambayo muuzaji hukuahidi miaka 25 hivi. Kwa uimara, maji yameshinda. Ila Murang'a ina mito inayoteremka kutoka Aberdare mwaka mzima. Wewe uko Ganze.

Nguvu ya mtambo kama huu inatokana na vitu viwili: maji kiasi gani yanapita kila sekunde, na yanaanguka kutoka juu kiasi gani. Mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde, ikianguka mita 10, yaani kama jengo la ghorofa tatu, inakupa takriban kilowati 69 baada ya kutoa kinachopotea kwenye bomba na mashine. Ukitaka kilowati 500, na huo bado ni mtambo mdogo, unahitaji mita 7.3 za ujazo kila sekunde. Kwa lugha ya nyumbani, hiyo ni mitungi 365 ya lita 20. Kila sekunde, usiku na mchana. Mwambie hivyo mama aliyepanga foleni ya maji Bamba uone atakavyokutazama.

Mito ya karibu, Ndzovuni na Rare, ni ya msimu. Masika inakuja kwa hasira, kiangazi unavuka bila kuvua viatu. Na kiangazi cha huku hakina huruma: mnamo Septemba 8, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa, Ganze ilikuwa miongoni mwa sehemu za Kilifi zilizoumia.

Sasa tuingie kwenye mkwanja, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Tuseme kila kilowati inagharimu dola 3,000 kujenga. Kilowati 500 ni dola milioni 1.5. Mmekopa zote kwa riba ya asilimia 10, kwa hivyo riba peke yake ni dola 150,000 kwa mwaka. Sera ya serikali ya mwaka wa 2012 iliweka bei ya kununua umeme wa mitambo ya ukubwa huo kuwa senti 10.5 za dola kwa yuniti. Tuitumie kama mfano. Mto ukiwa mzuri na mtambo ukatoa nusu ya uwezo wake kwa mwaka, mnauza yuniti milioni 2.19 na kupata karibu dola 230,000. Mnalipa riba, zinabaki 80,000 za mishahara, vipuri na kupunguza deni. Inabana, lakini inawezekana.

Mto ukiwa wa msimu na mtambo ukatoa asilimia 20 tu? Mnapata dola 92,000. Hata riba haitoshi. Na benki haijali kama mvua ilikataa.

Hesabu ya mgeni wenu huenda iko sawa kabisa kwenye kompyuta, lakini ameipiga kwa maji ya mwezi wa Mei.

Kuna atakayesema, basi twende Sabaki, huo haukauki. Kweli, unatiririka mwaka mzima. Unaanza kama Athi, unapita Tsavo ukiitwa Galana, ndipo unafika kwetu. Shida ni kwamba ukifika huku ardhi imeshalala. Maporomoko yenyewe, ya Lugard, yako ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki. Halafu kuna tope. Umewahi kuona bahari ya Malindi ikigeuka rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua? Huo ni udongo wa Sabaki. Udongo huo huo unajaza bwawa na kusaga mapanga ya turbini kama msasa. Isitoshe, kandokando ya mto huo, Baricho, ndiko kuna visima vinavyolisha Malindi, Kilifi na Mombasa. Ukitaka kuuzuia mto huo, jiandae kujibu maswali ya watu wengi kabla ya kumwaga saruji.

Lakini sitaki uondoke ukidhani mitambo ya kijamii haifai. Kijiji cha Mbuiru, katika eneo ambalo sasa ni Tharaka-Nithi, wakazi wapatao 200 walinunua hisa katika mtambo wa Tungu-Kabiri wa kilowati 18 tu. Walichimba mfereji wenyewe. Umeme hawakuusambaza nyumba kwa nyumba, waliuelekeza kwenye kituo cha biashara. Nao kiwanda cha chai cha Imenti, Meru, kilijenga mtambo wa karibu megawati 1. Kinatumia umeme wenyewe na kuuza ziada kwa Kenya Power. Wote walikuwa na mto usiokatika na mteja anayejulikana kabla ya taa ya kwanza kuwaka.

Huku kwetu, kisichokatika ni jua. Jirani tu, Langobaya, kuna mtambo wa sola wa megawati 40 ulioanza kazi Desemba 2021. Umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa, kwa hivyo usidhani ukiishi karibu nao nyumba yako itawaka yenyewe. Lakini waliotia mabilioni pale walipima kwanza, wakachagua jua. Mimi pesa ya chama ningeiweka kwenye kitu kidogo cha jua chenye mteja tayari: pampu ya kisima ambacho maji yake yamepimwa, au posho mill ambapo sasa watu wanalipia dizeli.

Kama bado mnautaka mto, msimfukuze mgeni. Mwombeni vipimo vya maji vya miaka kadhaa, hasa Januari hadi Machi, na jina la aliyevipima. Mwombeni kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, idhini ya NEMA, leseni ya EPRA na mkataba wa kuuza umeme uliotiwa sahihi. Barua ya kuonyesha nia si mkataba. Kisha mwulizeni turbini ikivunjika Agosti, nani analipa fundi, na kutoka akaunti gani.