Chembe nyeupe za damu hukomaa vipi?

Mwezi uliopita shangazi yangu, anayekaa Kadutu, aliniletea karatasi ya maabara. Alikuwa akitibiwa nimonia. Iliandikwa: « globules blancs 18.000/mm³ », nyingi zikiwa changa. Kawaida ya mtu mzima ni kama 4.000 hadi 10.000.

« Wewe unasomea lugha, nielezee. Ni kansa ya damu? »

Nikamwambia hao ni askari wa mwili. Akauliza: « Sasa askari wachanga wametoka wapi? » Nikanyamaza. Nikaenda kusoma.

Chembe hizo huzaliwa katika uboho, kile kitu laini kilichomo ndani ya mfupa. Kwa mtu mzima, kazi hiyo hufanyika hasa katika nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari. Humo mna seli shina, ambazo uzao wake hufuata njia mbili. Njia ya kwanza hutoa limfosaiti: aina ya B hukomaa ubohoni, aina ya T huenda kukomaa katika thaimasi, tezi iliyoko kifuani. Njia ya pili hutoa nyingi za zile nyingine, zikiwemo nyutrofili zinazopambana na bakteria.

Nyutrofili huchukua siku 10 hadi 14 ubohoni. Kiini chake huanza kikiwa duara, kikabonyea kama haragwe, kikapinda kama upinde, mwisho kikagawanyika vipande vilivyoshikana kwa nyuzi nyembamba. Hapo imekomaa. Ikishaingia katika damu hukaa humo saa chache tu, kisha huhamia penye maambukizo.

Wataalamu huita hatua kadhaa kwa majina yenye asili ya Kigiriki: « myelo » ni uboho, « blasto » ni chipukizi. Wenzangu husema Kiswahili hakiwezi mambo hayo. Lakini watu wa pwani hutaja umri wa tunda moja kwa majina matano: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Tuna mfano, kilichobaki ni kufanya kazi.

Jumapili nikarudi Kadutu. « Shangazi, njaa ikibana, watu huvuna hata mahindi machanga. Ugonjwa ulikubana, uboho wako ukatoa chembe kabla hazijakomaa. Nimonia huweza kufanya hivyo. Lakini rudi upimwe tena, daktari ahakikishe zimeshuka. »

Akakunja karatasi. « Mahindi nayajua, » akasema. « Kesho nitarudi kupimwa. »