Kubandua Rangi ya Zamani Kwenye Bati la Alumini

Hapa Lupepo mvua ni nyingi, na rangi ya bati haidumu. Ikianza kubanduka, wengine hupaka rangi mpya juu yake. Hiyo ni hasara. Rangi mpya hushika ile ya zamani, na ya zamani ikianguka, zote huanguka pamoja.

Kwanza lijue bati lako. Weka sumaku juu yake. Ikinasa, ni bati la chuma. Isiponasa, ni alumini, kama sufuria yako ya ugali. Alumini ni laini. Brashi ya waya wa chuma huikwaruza, na chembe za chuma zinazobaki hupata kutu chini ya rangi mpya. Kwaruza kwa kipande cha mbao, kisha sugua kwa msasa laini. Usitumie kostiki ya kutengenezea sabuni. Hubandua rangi upesi, lakini huila alumini yenyewe.

Wala usichome rangi kwa moto. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, nayo ni sumu. Moshi na vumbi lake huingia mwilini. Watoto wadogo ndio huumia zaidi, maana sumu hiyo huharibu ubongo unaokua. Ng'ombe naye hupenda kulamba rangi ya zamani, na anaweza kufa.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, ondoa mfereji unaopeleka maji ya paa kwenye pipa. Tandika turubai chini. Watoto, kuku na mifugo wakae mbali. Lowesha bati, ulisugue likiwa bichi, vumbi lisiruke. Magamba ya rangi yafunge kwenye mfuko. Usiyatupe shambani wala karibu na kisima. Nawa na ubadili nguo kabla ya kula au kumbeba mtoto.

Ukiwa juu ya paa, kanyaga penye misumari, ndipo penye mbao.

Kisha osha bati kwa maji ya sabuni, suuza, liache likauke kabisa. Agosti hadi Oktoba ni miezi mizuri, lakini ngoja umande uishe. Siku hiyo hiyo paka rangi ya kwanza inayofaa alumini. Ile ya chuma huenda isishike. Dukani soma kopo lote, utafute rangi isiyo na risasi. Kama maandishi ni ya Kiingereza, mwombe mwalimu akusomee kabla hujalipa.

Rangi ya juu ikikauka, acha mvua kubwa mbili tatu zioshe paa na kumwagika chini. Hapo ndipo urudishe mfereji kwenye pipa.