Je, Wajua? Ua la boga lina asubuhi moja tu

Ua jike la boga hufunguka alfajiri. Jua likifika utosini limekwisha kusinyaa, wala halifunguki tena. Chavua ya ua dume ni nzito na hunata, upepo hauwezi kuibeba. Bila nyuki, boga hakuna. Ndugu wakulima wa bustani wa Kisangani, dawa ya wadudu pulizeni jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na maua msiyaguse. Vidukari vya lengalenga hufa kwa maji ya sabuni kidogo. Utupa pia huua wadudu, lakini ndio mmea uleule wa kulevya samaki: ndoo zake zisioshwe mtoni Tshopo. Na kwa kuwa nyuki huruka kilomita 2 au zaidi, patanani saa ya kupuliza na majirani.