Pampu Moja, Matangi Mawili: Unganisha Swichi kwa Usalama

Katika maboma mengi ya Kitale na Bungoma kuna kisima uani, tangi la nyumba kubwa na tangi la pili la mifugo au la nyumba za kupangisha. Pampu ni moja. Wengi huiwasha na kuizima kwa mkono. Mtu akisahau, tangi hufurika usiku kucha, au pampu huzunguka bila maji hadi injini iungue. Hatari hii huongezeka wakati wa kiangazi, Januari na Februari, visima vinaposhuka.

Swichi ya floti huondoa kazi hiyo. Ni boya lenye swichi ndani: maji ya tangi yakipungua, huunganisha umeme na pampu huanza, yakijaa, hukata.

Penye tangi moja, floti moja yatosha. Penye mawili, kila tangi huhitaji floti yake na vali ya umeme ya kulifungulia maji. Hapa ndipo makosa hutokea. Nyaya za floti zote mbili zikifungwa pamoja moja kwa moja hadi kwenye pampu, floti moja ikiita maji, umeme hurudi nyuma na kufungua vali ya tangi la pili pia. Lililojaa hufurika, na tupu hujaa polepole.

Suluhisho ni kila floti kuwa na relei yake yenye njia mbili zilizotengana: moja ya kufungua vali ya tangi lake, nyingine ya kuamuru pampu. Njia za pampu huunganishwa sambamba, ili tangi lolote likiita, pampu iwake.

Floti ya tatu hukaa kisimani, juu ya pampu, na hufanya kazi kinyume: maji yakishuka, hukata. Umeme wa kuamuru pampu sharti upitie hapo. Kisima kikikauka, pampu haitawaka hata matangi yote yakiita.

Umeme wa pampu yenyewe usipitishwe kwenye floti. Injini ikianza huvuta mkondo mara kadhaa kuliko inapoendelea kufanya kazi, na ncha za swichi ndogo zinaweza kugandana, pampu isizimike. Kontakta ndiyo ibebe mzigo huo. Floti ni bora zitumie volti 24 kutoka kwa transfoma, badala ya volti 240 za stima ya nyumbani, kwa kuwa nyaya zake huingia majini.

Pampu iwe na waya wa ardhi, breka yake na kifaa cha RCD cha miliampea 30, ambacho hukata stima upesi inapovuja. Bonyeza kitufe chake cha majaribio mara kwa mara. Kisipokata, ita fundi.

Kumbuka pia kwamba pampu ya floti iliyonyamaza yaweza kuwaka wakati wowote. Kabla ya kugusa pampu au kusafisha tangi, zima breka na uhakikishe hakuna atakayeiwasha.

Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, fundi wa stima hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mwombe akuonyeshe leseni yake kabla ya kuanza kazi, na akuachie mchoro wa nyaya ndani ya sanduku la swichi. Fundi atakayekuja baadaye atauhitaji.