Mbona Mvua ya Juba Haifiki Kakuma?

(Muziki wa kufungua. Unapungua polepole.)

MTANGAZAJI: Huenda uko Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Au uko Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, na mvua inapiga turubai usiku kucha. Jua linalotuangazia ni moja. Basi mbona mwingine anapata mvua na mwingine anapata vumbi?

Tazama moshi wa jiko lako. Hewa ikipata moto huwa nyepesi, nayo hupanda. Karibu na ikweta jua hupiga utosini, na hewa yenye unyevu hupanda kwa wingi. Ikifika juu hupoa, mvuke hugeuka matone, na mvua hunyesha. Ndiyo maana misitu ya Kongo ni mikubwa na haikauki.

Hewa hiyo ikishamwaga maji yake, husambaa huko juu kuelekea kaskazini na kusini. Mbali na ikweta hushuka tena, ikiwa kavu. Inaposhuka hupata joto, na mawingu hayajengeki. Huko ndiko iliko Sahara upande wa kaskazini, na Kalahari upande wa kusini. Kisha hewa hurudi ikweta ikipita chini, karibu na ardhi. Huo ndio upepo.

Na kwa kuwa dunia inajizungusha, upepo huo hupinda. Wa kaskazini huja ukitokea kaskazini-mashariki, na wa kusini huja ukitokea kusini-mashariki. Watu wa pwani wanaujua tangu zamani kwa majina ya kaskazi na kusi, nao walisafiri kwa majahazi wakifuata majira yake.

Pepo hizo mbili zinapokutana, hewa hupanda na mvua hunyesha. Mkanda huo wa mvua hulifuata jua, kwa hiyo hauko mahali pamoja mwaka mzima. Katikati ya mwaka huwa kaskazini ya ikweta, na Juba hupata mvua zake kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba. Mwisho wa mwaka hushuka kusini, na Kigoma hupata zake kuanzia Novemba hivi hadi Aprili.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa tuje kwenye swali letu. Juba na Kakuma zote ziko kaskazini ya ikweta, na umbali wake haupishani sana. Juba hupata zaidi ya milimita 900 za mvua kwa mwaka. Maji hayo yote yangebaki yamesimama uwanjani, yangekufika karibu na kiuno. Lodwar, mji mkuu wa Turkana, hupata karibu milimita 200. Hayo yangekuwa kama shibiri moja tu.

Sababu ni milima. Upande mmoja kuna milima ya Ethiopia, upande mwingine nyanda za juu za Kenya, na katikati kuna bonde. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hubanwa hapo, kama watu wengi wanaopita kwenye mlango mwembamba, nao huongeza mbio. Hewa inapita na unyevu wake, lakini haipandi vya kutosha kutengeneza mvua. Upepo huo una nguvu kiasi kwamba karibu na Ziwa Turkana imejengwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukisikia mtu akisema ardhi hii imelaaniwa, mweleze. Hakuna aliyeilaani. Na wenyeji Waturkana wanaohama na mifugo wao si wavivu wa kulima. Wameisoma hewa ya kwao.

Nawe fanya nini? Kwanza, usipande kwa kalenda ya nyumbani. Muulize mwenyeji mvua huja lini hapa. Pili, kama uko penye ukame, chimba tuta la mboga liwe chini kidogo ya usawa wa ardhi. Limwagilie maji uliyosuuzia vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, kisha lifunike kwa majani makavu ili upepo usilikaushe. Tatu, na hili usilisahau: mto mkavu si uwanja wa watoto wala mahali pa kulala. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwa ghafla hata kama juu yako mbingu ni safi. Ukisikia mngurumo, panda juu mara moja, usirudi kuchukua kitu.

Jioni ya leo, keti na watoto wako. Waulize upepo unatoka upande gani, kisha uwasimulie ulikotoka.

Kaa salama.

(Muziki wa kufunga.)